Kesi ya Taa

Ndugu msomaji, kabla sijafika mbali naomba nikuulize swali dogo. Nyumbani kwenu, umeme unapokaribia kwisha, ni nani anayefokewa wa kwanza? Sina haja ya kusubiri jibu. Anayefokewa ni yule aliyewasha taa. Friji inaweza kuwa inanguruma pembeni, pasi inaweza kuwa imechomekwa tangu saa nzima iliyopita, redio inaweza kuwa inapiga muziki mpaka jirani anatingisha kichwa, lakini sauti itakayosikika ni moja tu: "We, zima taa hiyo, unamaliza umeme!"

Mimi nadai kwamba taa inaonewa. Nadai hivyo kwa hesabu wala si kwa huruma, na hesabu zenyewe nilizifanyia mahali ambapo umeme ukiisha huwezi kutuma mtoto dukani akakununulie mwingine: ndani ya kabini ya lori.

Mimi ni utingo. Nilipomaliza kidato cha nne niliungaunga maisha kama wengi wenu, hadi nikaangukia kwenye semi linalobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Nasikia Wazungu wana magari ya kuishi, yenye kitanda, meza na jiko, ambayo huyaendesha wakati wa likizo. Sisi nasi gari la kuishi tunalo, ila likizo ndiyo hatuna. Kutoka Dar hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Ukivuka kuna Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Chililabombwe, na mwisho ni Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ambako foleni ya malori huweza kukulaza siku kadhaa. Siku hizo zote, kabini ndiyo chumba cha kulala, sebule, stoo, na kwangu mimi ndiyo meza ya kuandikia. Naandika riwaya, bwana. Mchana kuna kufunga turubai, kuangalia matairi, kupika na kulinda mzigo. Muda wangu ni usiku, na usiku unataka taa.

Sasa ngoja nikueleze umeme wa lori ulivyo, maana bila hilo kesi yenyewe hutaielewa.

Lori letu lina betri mbili, kila moja ya volti 12, zimeunganishwa mkia kwa kichwa zikatoa volti 24. Kila moja imeandikwa ampea-saa 180. Ukizidisha 24 kwa 180 unapata 4,320, na hizo ni wati-saa, yaani shibe yote iliyomo tumboni mwa betri zikiwa zimejaa. Lakini shibe hiyo huli yote. Betri za risasi na asidi, ambazo asili yake ni ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, hazipendi kukaushwa. Ukizishusha chini ya nusu mara kwa mara zinazeeka haraka, na ukiziacha siku nyingi hazina chaji, ndani yake hufanyika ukoko mgumu juu ya sahani za risasi ambao kuuondoa ni kazi. Kwa hiyo katika zile 4,320, halali yako ni kama 2,160. Fundi akipima kwa mita betri iliyopumzika ataona kwa kila moja volti 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu. Ikikaribia 12 kamili, anza kusali.

Unasali kwa sababu ya stata. Stata ya lori kubwa huvuta mamia ya ampea kwa sekunde chache, mvuto ambao betri iliyochoka hauwezi. Taa zinaweza kuwaka, redio ikaimba, honi ikalia, lakini ukizungusha ufunguo unasikia "ka-ka-ka" halafu kimya. Basi hapo umekuwa mnara wa ukumbusho barabarani.

Utasema, si muwashe injini ichaji? Ndivyo wanavyodhani wote wasiojua kazi hii, kwamba lori ni jenereta yenye magurudumu. Lori kubwa likinguruma limesimama linaweza kunywa lita mbili tatu za dizeli kwa saa, na dizeli ya tajiri imepimwa. Ikipungua, dereva anakatwa. Kwa hiyo umeme wa kabini una mwenyewe, una bei, na una ugomvi.

Ugomvi wetu ulikuwa wa taa. Suka wangu ni mtu mzima, ameendesha njia hii tangu mimi sijaanza shule, na heshima yake naijua. Lakini alikuwa na sheria moja: saa tatu usiku taa izimwe. Nilikuwa nimenunua balbu ya LED ya wati 5 kwa pesa yangu, nikaining'iniza juu ya goti, nikaegemeza kaunta buku, nikaanza. Hata ukurasa haujaisha, nasikia kutoka kitandani juu: "Shaaban Robert, zima taa. Kesho gari lisipowaka utalisukuma wewe?"

"Mzee, nusu saa tu."

"Betri si ya riwaya. Zima."

Nazima. Nalala gizani nikisikiliza redio yake, yenye amplifaya na spika mbili kubwa chini ya kiti, ikiendelea kupiga rumba hadi saa sita. Pembeni yangu kijokofu chake cha soda kinavuma vuuu, usiku kucha. Mimi ni utingo, yeye ni suka, utingo habishi. Na wahusika wangu wakabaki hivyo hivyo, mmoja ameshika kitasa cha mlango tangu Mpika hadi Ndola, hajui aingie au arudi.

Safari ninayoisimulia ilikuwa Oktoba 2024. Wanaofuatilia habari wanakumbuka Zambia ilivyokuwa mwaka ule. Mvua za msimu uliotangulia zilikuwa zimekauka, serikali yao ilitangaza ukame kuwa janga la taifa mwezi Februari, na bwawa la Kariba, lililojengwa miaka ya 1950 juu ya mto Zambezi, likapungukiwa maji hadi mitambo ikakosa cha kuzungusha. Nchi hiyo hupata sehemu kubwa kabisa ya umeme wake kutoka kwenye maji, kwa hiyo maji yalipoondoka umeme nao ukaaga. Mitaa ilikaa gizani saa nyingi kuliko ilizokaa kwenye mwanga. Tulipokuwa kwenye foleni, ukitazama upande wa makazi ulikuwa unaona weusi mtupu, halafu ukigeuka barabarani unaona mstari mrefu wa vitaa vya malori, kama mji uliohamia kwenye lami.

Siku ya pili ya foleni akaja mama mmoja anayetuuzia ugali na samaki, ameshika simu kiganjani. Kwa Kiswahili cha foleni akamwomba suka amchajie, maana kwake hakuna umeme na wateja wake wengi wanamlipa kwa simu. Suka akaipokea bila neno. "Leta mama, hii ni riziki yako." Na kweli ilikuwa haki. Lakini mimi nilibaki nikiwaza. Simu ile ikijaa itakuwa imekula kama wati-saa 15. Balbu yangu ya wati 5 ikiwaka saa tatu inakula wati-saa 15 hizo hizo. Kumbe tofauti ya simu ya mama na taa yangu haikuwa katika betri. Ilikuwa katika macho ya suka: moja aliiona ni kazi, nyingine aliiona ni mchezo.

Hapo nikakata shauri kwamba sitabishana kwa maneno. Nitafungua daftari.

Nyuma yetu kwa malori manne alikuwapo fundi umeme wa magari, naye anasubiri kama sisi. Nikamfulia shati na kumpelekea chai, akanikopesha mita yake na kunionyesha namna ya kuipitisha kwenye waya wa kila kifaa nisome ampea. Ampea mara volti ni wati. Wati mara saa ni wati-saa. Ni hesabu ya kidato cha pili, wala haihitaji chuo kikuu. Nikaandika upande wa nyuma wa kaunta buku lile lile la riwaya.

Kijokofu cha soda: ampea 2, yaani wati 48. Hakizimwi, kwa hiyo saa 24. Jumla 1,152.

Redio na amplifaya: wati 60, saa 6. Jumla 360.

Simu tatu, mbili zake na moja yangu: 45.

Kile kifaa ambacho tajiri amekificha ndani ya dashibodi ili akiwa Dar ajue tuko wapi: wati 2 tu, lakini hakilali. Saa 24. Jumla 48.

Taa ya utingo: wati 5, saa 3. Jumla 15.

Nikajumlisha yote nikapata 1,620 kwa siku. Halali yetu ya siku zote, kama nilivyosema, ni 2,160. Maana yake tukisimama bila kuwasha injini, siku ya pili kabla jua halijakaa vizuri tumeshavuka nusu. Na katika hizo 1,620, taa haifiki hata moja kwa mia. Jicho la tajiri pekee linakula mara tatu ya taa yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nikaongeza kimoyomoyo kwamba kikulacho kinavuma vuuu, na umekiegemea.

Daftari nikalifunga, nikanyamaza. Unajua, kuna ukweli ambao ukiusema mapema unageuka kuwa utovu wa adabu.

Usiku wa nne, kama saa kumi alfajiri, foleni ikasogea. Foleni ikisogea ni vurugu: injini zinaamka mstari mzima, na asiyeamka anazungukwa, kisha kurejea kwenye nafasi yake ni ngumi au hela. Lori la mbele yetu halikuamka. Tulisikia "ka-ka-ka", halafu kimya. Dereva wake akaruka chini kifua wazi, akaja dirishani kwetu mikono ameiunganisha. "Kaka, nibusti. Nina siku tano hapa. Nikitolewa kwenye mstari nimekwisha."

Nyuma honi zilikuwa zinalia. Suka alikaa kimya kidogo. Kumbusti mtu si jambo jepesi, maana ukifanya kwa pupa unaweza kubaki wewe umekufa na yeye amekufa. Halafu akawasha kwanza injini yetu, akaiacha ingurume, ndipo akaniambia nishushe nyaya. Nyekundu chanya kwa chanya. Nyeusi, mwisho mmoja kwenye hasi yetu, mwisho mwingine kwenye chuma kitupu cha fremu ya mwenzetu, mbali na betri; kwa sababu betri ikiwa inachajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja tu ikiruka karibu nayo, uso wako unaweza kuondoka nao. Tukasubiri kama dakika kumi na tano, honi zikitutukana kwa lugha nne. Alipozungusha ufunguo, lori likakohoa, likashika. Yule bwana nusura alie.

Asubuhi fundi alipopima betri zake, moja ilisoma volti 12.5, nyingine 10.8. Sababu ilikuwa redio. Redio ya mwenzetu ni ya volti 12, naye alikuwa ameichomeka kwenye betri moja kati ya zile mbili badala ya kununua kipunguza volti. Betri moja ikawa inamlisha peke yake, huku altaneta ikizichaji zote mbili kana kwamba zina njaa sawa: moja inavimbiwa hadi inachemka, nyingine inabaki na njaa. Fundi akamuuliza, "Ulidhani nini kinamaliza betri?" Jamaa akajibu bila kusita: "Taa ya kabini. Nilimwambia utingo wangu asiwashe."

Nikamtazama utingo wake. Kijana mdogo kuliko mimi, amesimama pembeni na jeki mkononi, kimya. Nadhani nilijiona.

Tulipokaa kunywa chai, suka akaniambia, "Kijana, nimekuona na mita ya fundi tangu juzi. Umeandika nini?" Nikafungua upande wa nyuma wa buku nikamsomea, polepole, kama karani wa mahakama. Kijokofu. Redio. Simu. Jicho la tajiri. Taa. Alipofika kwenye 15 akanisimamisha.

"Rudia hiyo ya mwisho."

"Kumi na tano, mzee. Sawa na simu ya mama wa ugali."

Akanyamaza. Akanywa chai. "Kumbe mwizi ni baridi," akasema. "Lakini soda ya moto mimi sinywi."

Nikafurahi, kwa sababu hapo tulikuwa tumeshatoka kwenye amri tukaingia kwenye mapatano. Yeye ni mtu wa Tanga, kwao wamekua na mitungi, na ndiye aliyekumbuka. Tukachukua gunia, tukalilowesha, tukafunga chupa ndani, tukazitundika kwenye mkono wa kioo cha pembeni ambako upepo unapita. Oktoba ya kule ni joto kali lakini hewa ni kavu, kwa hiyo maji ya gunia yanakauka haraka na yakikauka yanaondoka na joto la chupa. Haikuwa baridi ya friji, ila koo halikulalamika. Kijokofu kikapewa saa nne tu za mchana: 192. Amplifaya ikapumzishwa, redio ikabaki na spika zake ndogo, wati 10 kwa saa sita: 60. Simu zetu 45, ya mama 15, jicho la tajiri 48 zake, hatuna la kumfanya. Na taa 15, saa tatu kamili, kwa idhini ya suka. Jumla 375. Kwa mwendo huo ile halali yetu ya 2,160 ingetufikisha siku tano na ushee bila kugusa ufunguo. Rumba ya suka haikunyamaza, ilipungua mdundo tu.

Tuliporudi Dar tulichanga, yeye sehemu kubwa na mimi sehemu yangu ndogo, tukanunua paneli ya sola ya wati 100, kidhibiti chaji, na betri ya pili ya ampea-saa 100 iliyozibwa, isiyotoa hewa chafu ndani ya kabini tulipolala. Betri hii haijuani kabisa na stata. Za gari ni za gari, na hii ni ya nyumba. Tukiimaliza tutalala gizani, lakini asubuhi tutaondoka. Paneli tunaifunga juu ya kabini tukisimama. Karatasi zinasema wati 100 kwa saa tano za jua zuri ni wati-saa 500. Vumbi, joto na mawingu vinachukua chao, mkononi tunapata kama 350. Matumizi yetu, ukitoa kile kifaa cha tajiri ambacho kinaendelea kula kwake, ni 327. Siku ya mawingu kijokofu ndicho kinachofunga saumu. Wenye uwezo sasa wananunua betri za lithiamu, ambazo unaweza kuzila zaidi ya nusu bila kuziumiza na zinadumu miaka. Sisi bado tunazitazama kwenye vioo vya maduka.

Nimeyaandika haya kwenu wenzangu mnaoandika, na wengi wenu najua mnaishi kwa wazazi, kwa kaka, au mmebanana geto watu wanne kwenye mita moja. Wote tuna kosa moja linalofanana: kazi yetu inaonekana usiku kwa sababu inawaka. Anayepiga pasi hafokewi, ingawa pasi ya wati 1,000 kwa saa moja imekula sawa na balbu ya wati 5 kwa saa 200, usiku wa kuandika wa zaidi ya miezi miwili. Jiko la umeme halifokewi. Hita ya maji haifokewi. Anayefokewa ni kijana aliyeinamia daftari, kwa sababu mwanga wake unapita chini ya mlango na mwenye nyumba anauona. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Kwa hiyo usigombane na wakubwa, na usijifiche chini ya shuka na simu ukachosha macho. Chukua kila kifaa, kigeuze, soma wati zilizoandikwa mgongoni, zidisha kwa saa kinazokaa kikiwaka, andika. Ukimaliza, usiseme. Ngoja siku wakuulize. Watauliza tu, umeme ukipanda bei au ukipungua huwa watu wanauliza. Siku hiyo uwe na daftari.

Mhusika wangu naye ameshaingia ndani. Alikutana humo na mtu ambaye sikumtarajia, na kwa jinsi ninavyomwona, atanimalizia saa tatu zangu za wiki hii zote.